Karatasi Saba Zenye Mikunjo

Kituo kizima cha polisi kilimjua kwa jina la Mama Muhuri, na hata mahabusu waliolala pale siku mbili tatu walitoka wakimwita hivyo. Hakuwa polisi. Alikuwa karani wa kiraia katika chumba cha nyuma cha kitengo cha trafiki, chumba chenye dirisha moja, kabati tatu za chuma na meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Juu ya meza hiyo kulikuwa na muhuri wa mpira, kidau cha wino wa zambarau na mkono wake. Karatasi ambayo haikupita chini ya vitu hivyo vitatu haikuhesabiwa kuwa karatasi.

Alikuwa mtu aliyesoma, na aliyesoma wakati ambapo wasichana darasani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyekuwa akivua kofia hata akisalimiwa na mtoto. Mwalimu alifariki miaka tisa iliyopita, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu, mtoto mmoja wa kiume na jina. Paa la nyumba liling'olewa na upepo mara mbili likaezekwa upya. Jina halikuwahi kuvuja. Mtu akisema "nyumba ya mwalimu", Mama Muhuri alinyoosha mgongo bila kujijua.

Kazi yake ilikuwa vitabu vya tiketi za faini. Kila tiketi ilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya dereva, ya waridi ya mahakama, na ya manjano ya kubaki kitabuni. Askari akikosea kuandika, labda kageuza namba ya gari au kasahau tarehe, alichora mistari miwili, akaandika BATILI, na nakala zote tatu zikabaki kitabuni zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani. Kitabu kikijaa kilirudi kwa karani. Mama Muhuri alihesabu, akakagua zile za batili moja moja, kisha akaandika juu ya jalada kwa mwandiko wake wa kulala: "Nimekagua. Batili zote ni makosa ya uandishi." Halafu muhuri. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkaguzi aliyewahi kumrudishia kitabu.

Mwanawe alipohitimu mafunzo ya polisi akapangiwa kitengo hicho hicho cha trafiki, kwa mwaka mmoja wa majaribio, mama aliwaalika ndugu, majirani na marafiki kwa chakula cha mchana. Sebule ikajaa, wengine wakakaa barazani. Alisimama mbele ya wakwe na mashemeji, akamshika kijana bega.

"Huyu sasa ni mtu wa barabarani," alisema. "Ndugu yeyote akipata tatizo huko, ampigie. Si yupo?"

Wakapiga makofi. Yeye mwenyewe akawasomea namba ya simu ya kijana, tarakimu kwa tarakimu, akairudia kwa ajili ya waliokuwa wakitafuta kalamu.

Miezi mitano baadaye, Jumanne asubuhi, alifungua kitabu cha mwanawe.

Batili ya kwanza ilikuwa na mikunjo. Nakala ya manjano na ya waridi zilikuwa zimenyooka, lakini ile nyeupe ilikuwa imekunjwa mara nne, kama mtu anavyokunja karatasi iingie mfuko wa shati. Mama Muhuri aliipapasa kwa kidole. Tiketi iliyoharibikia kitabuni haikunjwi, kwa sababu haijatoka kitabuni. Hii ilikuwa imetoka, ikatembea, ikarudi. Akafungua ya pili: mikunjo. Ya tatu ilinukia mafuta ya nywele. Ya tano ilikuwa na alama ya dole gumba lenye grisi. Zilikuwa saba.

Ndipo akasoma majina. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka la vyuma: kapita taa nyekundu. Wa pili, mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha marehemu mumewe: mwendo kasi. Wa tatu, fundi aliyewajengea ukuta. Na wa saba alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyepita kivuko cha shule watoto wakiwa wanavuka. Aliisoma orodha ile hadi mwisho, akaona kwamba ni wale wale waliokaa sebuleni kwake siku ya chakula.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia sajenti mnene wa trafiki aliyebatizwa Breki, maana ilisemekana hakuna gari lililowahi kumpita.

"Mama Muhuri! Mbona umekaa kama kuku aliyetaga yai la bata?"

Alifunga kitabu, lakini alichelewa. Breki alikuwa ameshaiona ile mikunjo, akacheka mpaka mkanda ukapanda na kushuka.

"Huyu kijana wako, huyu! Nilimwambia mimi. Nakala ya dereva ikirudi, nenda nayo nyumbani, itandikie kitambaa, ipige pasi ya uvuguvugu. Pasi ya moto hapana, wino unageuka kahawia. Lakini vijana wa leo hawana subira."

"Unaipiga pasi," alisema Mama Muhuri taratibu.

"Si mimi peke yangu, mama. Hapa kila mtu ana shangazi. Na hatuli hela ya mtu, tunasaidiana tu. Wewe leo ukikamatwa na gari, nikuache?"

"Sina gari. Na vitabu vyako, Breki, mimi nilivipiga muhuri vipi?"

"Vizuri sana!" Breki alijibu kwa furaha ya kweli. "Tena ulikuwa unavisifu kwa usafi."

Ilikuwa kweli. Alivisifu mbele ya watu. Mara mbili alikuwa amevishika juu mbele ya makonstebo wapya akisema, "Hivi ndivyo kitabu kinavyotunzwa." Miaka yote hiyo alijiona ana jicho la mwewe, kumbe alikuwa akipiga muhuri kazi ya pasi. Kosa la mwanawe, kwa sheria za Breki, lilikuwa moja tu: hakuwa na pasi.

"Kisaini tu, mama," Breki alisema akiwa mlangoni, sauti ikiwa imeshuka. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Kijana yuko kwenye majaribio. Hao wakitaka kumtoa hawahitaji hata barua ndefu."

Alasiri ile alimkuta mwanawe jikoni, ameketi kwenye kigoda akivua buti. Aliweka mkoba mezani, akabaki amesimama.

"Nimesoma kitabu chako."

Kijana aliacha kamba za buti. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo peke yake mama alishukuru moyoni.

"Alianza baba mdogo," alisema. "Nilikuwa nimeshamwandikia. Akanipigia jioni. Akasema, mama yako alituambia tukupigie, au alikuwa anatupamba tu mbele ya watu?"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje, mama? Nikamwambia alete karatasi. Baada ya hapo akamwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamwambia fundi. Nikimkatalia mmoja ananiuliza, mbona fulani? Lakini sijachukua hata senti ya mtu. Nakuapia."

"Ungechukua ningejua la kukuita," mama alisema. "Wewe hukuchukua, umegawa. Umegawa kitu ambacho si chako."

"Kitu gani?"

"Jirani yetu alipita kivukoni watoto wanavuka. Wewe ulikuwepo. Ulimwona."

Kijana alitazama soksi zake. "Nilimwona. Mmoja aliangusha daftari, akarudi kuliokota. Nilipiga filimbi mpaka kifua kikauma. Ndiyo maana nilimwandikia."

"Kisha ukafuta."

"Kisha nikafuta."

Maji yalichemka kwenye sufuria, hakuna aliyeyaendea.

"Utasaini?" kijana aliuliza.

Mama alizima jiko, akaenda chumbani, na mwanawe akajua kwamba jibu bado halijazaliwa.

Kesho yake shemeji alikuja kituoni mwenyewe, shati limepigwa pasi, tabasamu limetangulia mbele. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia kwa Breki. Alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Shemeji yangu, nasikia kuna kikaratasi kinakusumbua."

"Saba."

"Saba, moja, yote karatasi. Sikiliza. Taa ile ilikuwa ndiyo kwanza imegeuka. Wekundu wenyewe ulikuwa bado mchanga."

Mama Muhuri nusura acheke. Ndugu wa mumewe walikuwa hivyo wote: ukiwakasirikia wanakuchekesha, ukicheka umeshindwa kesi.

"Marehemu kaka yako," alisema, "aliwahi kukurudisha darasa mwaka mzima kwa alama mbili. Mama yenu akamlilia. Alikuongezea?"

"Hakuniongezea. Na sijamsamehe," shemeji alijibu, wote wawili wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Alisogeza kiti. "Lakini shemeji, huyu ni mtoto wetu. Ukiandika ukweli wako huo, wanamfukuza. Watu watasema nini? Mtoto wa mwalimu kafukuzwa polisi! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye utakuwa huyo kunguni. Mama mzazi!"

Neno hilo lilimwingia. Hakuna aliyelijua jina lile kama yeye, na hakuna aliyelilinda zaidi. Alitazama dirishani. Uani, makonstebo wawili walikuwa wakiosha pikipiki, mmoja akimrushia mwenzake maji.

"Jina mnalolitaja," alisema hatimaye, "mimi ndiye niliyewapa mkalitumie. Niliwasomea namba kwa mdomo wangu. Nilidhani naliinua, kumbe nalikodisha. Sasa likae namna hii, kila anayepita taa nyekundu aseme mimi ni wa nyumba ya mwalimu? Hapana, shemeji. Afadhali waseme mtoto wake alikosea."

"Una moyo mgumu."

"Ninao wa kawaida. Ndiyo maana unaniuma."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Mama Muhuri alichukua karatasi safi. Hakuandika kwenye jalada maneno aliyoyaandika kwa miaka ishirini na miwili. Aliandika: "Nimekagua. Nakala saba zilifika mkononi mwa madereva kabla ya kubatilishwa. Madereva hao ni ndugu na marafiki wa askari na wangu mimi karani, nami ndiye niliyewapa namba yake ya simu nikiwahimiza wampigie." Akavuta pumzi, akaongeza aya ya pili: kwamba vitabu vya miaka iliyopita alivyovipitisha vikaguliwe upya, na nakala nyeupe zitazamwe dhidi ya mwanga, maana karatasi iliyopigwa pasi hung'aa.

Jioni alimpa mwanawe asome. Kijana alisoma akiwa amesimama, akasoma tena ameketi.

"Umejitaja na wewe."

"Nilikuwepo."

"Mama, wakinitoa?"

"Utatoka kwa mlango wa mbele, na mimi nitakuwa nyuma yako nimebeba begi. Lakini nenda wewe kwanza kwa mkuu wa kituo asubuhi, kabla yangu. Barua yangu ikitangulia, umekamatwa. Ukitangulia wewe, umesema."

Hakusema ndiyo. Alirudisha karatasi mezani, akatoka, akakaa barazani muda mrefu. Lakini Alhamisi saa moja na nusu, Mama Muhuri alipofika kituoni, alimwona kupitia kioo cha ofisi ya mkuu, amesimama wima, kofia imebanwa kwapani, akizungumza. Mkuu alikuwa ameacha chai yake ipoe.

Zamu yake ilipofika, mkuu aliisoma barua hadi mwisho.

"Unajua hili litagusa zaidi ya mtoto wako?" alimuuliza.

"Najua, afande. Litaanza na mimi."

"Watu hapa hawatakusalimia."

"Nitawasalimia mimi."

Mambo yalikwenda kama mambo ya serikali yanavyokwenda, kwa miguu. Tiketi saba zilifufuliwa, na kila dereva akaitwa mahakamani. Vitabu vya zamani vilitolewa kabatini vikatazamwa dirishani, na Breki akapelekwa kulinda ghala la magari mabovu, ambako hakuna kinachotembea cha kusimamisha. Mama Muhuri alipewa onyo la maandishi, la kwanza maishani mwake. Kijana hakufukuzwa. Aliondolewa barabarani, akawekwa mapokezi, na majaribio yake yakaongezwa mwaka mzima. Mkuu alimwambia wazi kwamba kilichomwokoa ni kufika kabla ya barua, na kwamba hakitamwokoa mara ya pili.

Ndugu walinuna. Simu ya Jumapili, iliyokuwa ikilia tangu asubuhi, ikawa kimya kama ya duka lililofungwa. Jirani alianza kumwaga maji machafu upande wa ukuta wao. Shemeji alilipa faini yake, kisha akawa anapita mbele ya nyumba akitazama upande wa pili wa barabara, jambo lililomfanya siku moja agonge mlingoti.

Jumapili moja mchana, Mama Muhuri alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, lenye vyeti vya mwalimu, barua zake za kupandishwa cheo na picha yake akipokea saa ya ukutani. Aliipanga barua ya onyo juu ya vyeti hivyo, akailaza vizuri. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo nayo unaiweka humo?"

"Niiweke wapi? Wajukuu wakija kuuliza sisi ni watu gani, wakute yote."

Kijana alienda chumbani kwake, akarudi na bahasha ya kahawia, barua ya kuongezewa majaribio. Akapiga magoti, akaiweka mwenyewe juu ya ile ya mama yake.

"Ukimaliza," alisema mama, "njoo tule. Chakula kinapoa."