Kichwa Bila Poda

Juzi niliona wasichana wakitoka kusomewa matokeo, vichwa vyao vyeupe kwa poda ya kuwapongeza. Harufu ile ikanirudisha kwenye uwanja wa shule yetu mjini Kamina, treni ikipiga honi nyuma ya madarasa.

Mwalimu alikuwa akisoma majina mbele ya wazazi wote. Mama alikuwa ameshafungua kopo la poda. Jina langu lilipokuja la pili, alifunga kopo. Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa nimwagiwe.

"Unainamisha kichwa juu ya nini?" Mama akaniuliza, na wanawake wakacheka. "Poda iko ya mutoto wa kwanza."

Akammwagia binti wa jirani.

Niliamini kwamba Mungu, akiwa juu, huona vichwa vyeupe tu. Nilirudi nyumbani nikitembea peke yangu, nikijua haniangalii.

Sasa najua kwamba mama huyohuyo alinipeleka kanisani nikiwa mchanga, mchungaji akanitia maji kichwani, nami sikuwa nimefaulu chochote, hata kuketi. Maji hayo yananitosha. Kila asubuhi najiambia hivyo.

Lakini juzi, wasichana wale waliponipita, niliinamisha kichwa.