Shamba la Muhogo, Si la Minazi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Niliamka Bagamoyo, nikanywa uji, nikamuaga mama kama mtu anayekwenda sokoni, nikashika njia ya kusini. Sikuwa na safari. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, maana mwalimu alisema yaleyale kila siku, na mimi nilitaka kujua kilichoko nyuma ya kila kona. Baba yangu alikuwa mwashi wa mjini. Jembe nililijua kwa kuliona begani mwa watu.

Jua likiegemea magharibi nikafika Mapinga. Wakati ule palikuwa na nyumba za kuhesabu na vichaka vingi. Mjane mmoja, Bi Mwanaidi, akanipa chumba cha uani. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, asubuhi ya tatu akanipeleka shambani. "Toka hapa mpaka kwenye ule mkorosho," akasema, "panda muhogo, ule." Nikaitikia hewala.

Nikakaa miezi, jambo lililonishangaza mwenyewe. Bibi yule alinipikia, akanishonea kanzu ilipochanika, nami nikaona haya kupokea tu. Siku moja nikapita kwenye shamba kubwa la minazi, nikamkuta msimamizi anatupa nazi zilizochipua. "Chukua," akaniambia, "zimenijazia njia." Bi Mwanaidi alikuwa amekwenda msibani Kerege. Nikaona nimepata zawadi ya kumpokelea! Nikapanda miche ishirini katikati ya muhogo, imenyooka kama uzi wa mwashi, nikaketi kuitazama na kujisifu.

Wa kwanza kuiona alikuwa jirani yetu, Mzee Pazi. Alishika kiuno, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenye mji! Kumbe tumehamiwa na hatuna habari. Na kaburi lako tukuchimbie upande gani?"

Nikacheka naye, nisijue ninachochekea.

Bi Mwanaidi aliporudi hakucheka. Aliketi palepale kwenye tuta.

"Mwanangu, umeniua."

"Nimekosa nini, mama? Si miti tu?"

"Muhogo ukishaung'oa, ardhi inabaki ya mwenyewe. Mnazi hukaa kuliko aliyeupanda. Aliyeupanda husema hapa pangu, na wanawe husema baada yake. Mimi mwenyewe hapa nala tu. Shamba ni la ukoo wa marehemu mume wangu, na mkubwa wao ni shemeji yangu Shomari, yuko Miono. Akisikia mgeni kapanda minazi, atasema nimegawa urithi wao. Atanitoa, na nitakwenda wapi?"

Nikamwambia nitaing'oa sasa hivi, yaishe.

"Yataisha wapi," akasema Mzee Pazi aliyekuwa amemfuata nyuma, safari hii hacheki. "Mimi na mdomo wangu, Mola anisamehe, nimeshayasimulia msikitini."

Bibi akanigeukia. "Basi wewe mwenye miguu isiyotulia, itangulize kabla maneno hayajafika Miono."

Niliing'oa miche yote, nikaipanga kivulini na udongo wake, nikaondoka. Siku tatu kwa mguu, Ruvu nikavuka kwa mtumbwi, Wami nikavuka kwa mtumbwi. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusafiri nikijua ninakokwenda, na sikuifurahia hata kidogo.

Miono nikamkuta Mzee Shomari uani kwake, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikamweleza yote na kuomba ruhusa nikiwa nimesimama, yeye hainui kichwa.

"Umeng'oa yote?"

"Yote, baba."

"Nikikataa?"

"Nitairudisha nilikoitoa."

"Na shemeji amekutuma useme hakujua?"

"Hakunituma kusema hivyo. Lakini kweli hakujua, alikuwa msibani. Kosa ni langu."

Akalimaliza gunzi zima. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "Mama Zena, ongeza maji kwenye sufuria! Tuna mgeni katembea siku tatu kuomba ruhusa ya kitu alichokwisha kukifanya!" Ndani wakaangua kicheko.

Tulipokwisha kula akasema, "Nenda kaipande. Lakini useme mbele ya mashahidi kwamba ni minazi ya shemeji yangu maisha yake yote, baada yake ya ukoo. Shamba halali yake kulitumia, hakuna wa kumtoa. Wewe dafu utapewa. Kuangua mwenyewe, hapana."

"Hewala, baba."

Akanionyesha kitanda cha kamba chumbani kwa mwanawe aliyekuwa safarini, nikalala mpaka jua likanichoma miguu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipewa mahali, uliza umepewa pa kufanyia nini. Ruhusa ya kulala si ruhusa ya kujenga, na ruhusa ya kulima si ruhusa ya kupanda mti. Ukitaka kupageuza, usitosheke na kichwa kilichotikiswa na aliye karibu nawe. Mtafute kila mwenye haki napo, hata akiwa ng'ambo ya mito miwili, na mashahidi wawepo. Wala usijifiche nyuma ya nia njema. Yangu ilikuwa safi kama maji ya dafu, na ilibaki kidogo imtoe mjane shambani. Na ukikosea, wahi kusema kabla hujasemewa. Wanaocheka watacheka, waache, kicheko hakijamng'oa mtu mahali pake.

Mungu akupe ardhi isiyo na ugomvi, na majirani wa kukwambia hapana mapema. Akupe mti utakaoupanda kwa ridhaa ya wote, wajukuu zako waukwee, na asitokee mtu chini yake akauliza ni wa nani. Amin.