Wapimaji Wawili wa Taya za Panya

Kazi yetu ilikuwa kupima mfupa wa taya za panya, katika maabara ya chumba kimoja juu ya mji wa Lushoto. Panya walifungwa uzi kwenye jino hadi ufizi ukaugua, kisha taya zao zikapigwa eksirei. Picha tuliziweka juu ya kisanduku chenye taa, tukachungulia kwa lenzi na kupima kutoka shingo ya jino hadi pale mfupa ulipoanzia. Umbali ukizidi, ujue ugonjwa umekula mfupa.

Kanuni ilitaka kila picha ipimwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuoneshana. Mmoja nilikuwa mimi, binti niliyemaliza kidato cha nne. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Mtae aliyenifundisha kazi yote, hata namna ya kulaza taya ili kivuli kisidanganye. Nilimwita tate, kama nilivyomwita baba yangu nyumbani kwa Kishambaa.

Macho yake yakaanza kumwangusha. Ilikuwa miaka ya ruksa, sokoni kila kitu kipo, naye akanunua miwani ya mtumba. Haikumsaidia kitu. Siku moja akasogeza kiti chake karibu na changu.

“Mwanangu, hebu nisomee namba zako.”

Mkubwa akikuomba, unamkataliaje? Nikamsomea. Akaandika, akibadilisha tarakimu ya mwisho hapa na pale zisije zikafanana mno. Tulikwenda hivyo karibu miaka miwili, na mkuu wetu akatusifu kwa vipimo vinavyopatana.

Kisha likaja tangazo la kupunguza wafanyakazi. Mpimaji angebaki mmoja. Wiki ileile, mimi nikaikumbuka kanuni.

“Tate, safari hii kila mtu apime peke yake.”

Hakubisha. “Haya, mwanangu. Kanuni ni kanuni.” Akainamia taa, akawa anaifuta lenzi kwa pindo la shati, na lenzi ilikuwa safi.

Nilijiambia natenda haki. Uongo mtupu! Ningekuwa naipenda haki ningeisema siku ya kwanza, na ningeungama habari ya fomu zote za nyuma. Hizo nilizinyamazia, maana zilikuwa na mwandiko wangu pia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha hadi kwenye pensheni, na bado naona haya.

Vipimo vyake vilipishana na vyangu kila ukurasa. Barua yake ya kupunguzwa kazi ikatoka Ijumaa. Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu na kikapu cha matunda damu, mama akamtilia chai. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikabidhi bahasha.

“Nisomee wewe. Wanangu watasoma kwa sauti, kijiji kizima kisikie.”

Nikasoma. Katikati palikuwa na mstari uliosema vipimo vyake havilingani na vya mwenzake. Nikauruka, nikaendelea na shukrani kwa utumishi wake wa muda mrefu.

“Basi hakuna lingine?”

“Hakuna, tate.”

Akashusha pumzi, akaikunja barua polepole.

“Afadhali. Nilikuwa naogopa wamegundua habari ya macho, wakakuadhibu na wewe kwa kunisomea.”