Bakteria wa Daktari Alumita Waenda Raga

Ifahamike kwa wote, kuanzia waziri hadi mpishi wa bweni, kwamba Fiji imejaliwa mwanasayansi anayelijua joto kuliko jua lenyewe. Asubuhi hii mwanasayansi huyo amepiga magoti kando ya uwanja wa raga wa shule yetu, mkono umezama ndani ya boksi la barafu. Anatoa soda. Anatoa chungwa. Anatoa soksi.

"Ya nani hii?" anauliza Dkt. Alumita Rokosuka.

Soksi inajieleza yenyewe.

Anachotafuta ni mfuko wenye vichupa vya bakteria. Hawadhuru mtu; hata wakitaka, hawawezi. Bakteria wa kawaida wakipata joto hutengeneza protini za kuwakinga. Hawa wameondolewa jeni inayoamuru kazi hiyo.

"Protini hizo ni kama mashangazi msibani," anaeleza. "Kila mtu akitaka kuanguka, wao wanamshika huyu, wanamkalisha yule. Bakteria wangu hawana shangazi hata mmoja."

Miaka tisa amewalea kwenye maabara moja mjini Suva, daima mahali pa baridi. Wakifa wote, utafiti unakufa nao: fedha zinaisha Desemba, na wafadhili hawalipii kumbukumbu.

Walifikaje uwanjani? Kwa adabu njema. Alhamisi dhoruba ilikata umeme wa maabara. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Daktari akakimbilia kwa Peceli, muuza samaki, binamu yake wa utani, ambaye jenereta yake haikohoi.

"Kerekere, Peceli. Niwekee hili boksi kwenye jokofu lako."

Kerekere ni ombi la ndugu, na ombi la ndugu halikataliwi.

"Lete," akasema Peceli. "Miaka yote ya kusoma, mwisho wake unaniletea wadudu kwenye samaki."

"Samaki wako walianza kunuka kabla sijazaliwa. Usilifungue!"

Hakulifungua. Ila Ijumaa mke wa mchungaji alipita, akaomba boksi la kuwekea juisi za kwaya. Kerekere. Jumamosi kocha wetu akaliomba kwa mama huyo. Kerekere. Basi boksi likafika kwenye mechi bila mtu hata mmoja kukosa heshima.

"Uliniambia nisilifungue," anajitetea Peceli, aliyeandamana na daktari kulisaka. "Hukuniambia nisiligawe."

"Wewe ni mpumbavu mwenye mizani."

"Na wewe ni daktari usiye na wagonjwa."

Mfuko unapatikana chini kabisa. Ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Mtu mmoja, ambaye bado hajatambuliwa, aliliacha boksi juani bila kifuniko, na barafu yote imekuwa maji.

Daktari hagombi. Anakaa kwenye nyasi, mfuko mapajani. Hapo Peceli anaishiwa utani.

"Dada, wamekufa?"

"Wengi."

"Wote?"

"Sijui. Twende."

Umeme umesharudi maabara, nami mwandishi wa gazeti la shule nimewafuata. Anawapanda kwenye visahani vya kuoteshea, anaviweka mahali pa joto ambapo hakuna bakteria wake aliyewahi kuota, aone kama yupo aliyelishinda jua. Peceli anafika kila siku na supu ya samaki. Haulizi kitu, jambo ambalo daktari anasema linamtisha kuliko msiba wenyewe.

Jumanne visahani ni vitupu, isipokuwa kimoja. Juu yake kuna vidoa vinne, vyeupe, vinono.

Daktari anavipima mara mbili ahakikishe si wageni waliodandia njiani. Ni wale wale wake. Jeni yao bado haipo, lakini wanaota kwenye joto.

"Kuna kitu kingine ndani yao kimebadilika," anasema. "Wameazima shangazi mahali. Nikijua wapi, nina kazi ya miaka mitano."

"Wamefanya kerekere," anasema Peceli. "Hao ni Wafiji."

Mpango wake sasa ni kusoma jeni za hao wanne na kuwaomba wafadhili muda zaidi. Lakini mfadhili hanunui muujiza uliotokea mara moja. Lazima kwanza arudie joto lile lile, kwa muda ule ule.

"Kwa hiyo nahitaji kujua boksi lilikaa wazi juani tangu saa ngapi," anasema, kisha ananitazama. "Wewe mwandishi, mbona umeacha kuandika?"

Ni mimi, Daktari. Tangu filimbi ya kwanza hadi mapumziko. Nilikuwa nimekikalia kifuniko. Nyasi zilikuwa na umande.