Maziwa ya Kuoshea Kifua

Bi Msasa hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi peke yake. Ni kweli alianza pale karakanani kwa kusugua mbao mpaka viganja vikaota sugu, lakini jina lilimganda kwa sababu ya ulimi. Hakuwa mtu wa kuuma maneno. Fundi akikata ubao upande, atamwambia mbele ya mteja. Siku hizo alikuwa hasugui tena. Alipuliza vanishi kwenye makabati na vitanda, yeye na mdogo wake wa mwisho, ambaye dada mtu mwenyewe alimtafutia kazi hiyo na kumfundisha kushika bunduki ya rangi.

Na kila asubuhi, kabla kompresa haijaanza kunguruma, mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, alisimama mlangoni pa stoo na kreti la maziwa ya pakiti. Maseremala hawakupata. Yalikuwa ya wapulizaji tu. "Chukueni, osheni kifua," alisema, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi. Imani ilikuwa kwamba vumbi na moshi wa vanishi ukiingia kifuani, maziwa yanapita nyuma yake na kuuzoa, kama maji yanavyozoa takataka mtaroni. Yaliposimamishwa wakati fulani, Bi Msasa ndiye aliyefunga kibwebwe, akagoma na wenzake hadi yakarudishwa. Siku hiyo walimshangilia.

Tusiwacheke wapulizaji peke yao. Karakana nzima ilikuwa imejaa watu wazima, wenye wake na wajukuu, na kila mmoja alikuwa daktari wa chakula wa kujiteua. Seremala mkuu alikunywa supu ya mifupa ili magoti yapate grisi. Fundi wa makochi alishindilia soda nyeusi, akisema inaongeza damu, na ukimuuliza kwa nini, alikuonyesha rangi yake. Mchana walijaza sahani wali ukawa kichuguu, mboga za majani wakazisukuma pembeni wakisema wao si mbuzi. Walibishana kuhusu chakula kuliko walivyobishana kuhusu mpira, na hakuna aliyewahi kumuuliza anayejua.

Mdogo wake alianza kwa kikohozi kikavu. Dada mtu akamwambia amalize pakiti yake yote, asibakishe. Kikohozi kikaota mizizi. Halafu asubuhi moja walikuwa wanabeba mlango wa kabati, kazi ya kitoto kabisa, kijana akauachia ghafla, akakaa chini na kushika mbavu, midomo imebadilika rangi. Bi Msasa hakuaga mtu. Alimkokota hadi zahanati na mavazi yao yaliyokauka vanishi.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza kijana kifua mbele na nyuma, kisha akauliza wanajikinga vipi wakati wa kupuliza.

"Tunakunywa maziwa," alijibu Bi Msasa, kwa fahari kidogo.

Daktari hakucheka. Pengine angecheka ingekuwa afadhali. Alichukua kalamu akagusa koo lake mwenyewe. "Mama, hapa njia ni mbili. Chakula na kinywaji vinakwenda tumboni. Hewa inakwenda kwenye mapafu. Mwanao anywe hata ndoo nzima, halifiki tone moja kwenye pafu."

"Si mwanangu, mdogo wangu."

"Basi mdogo wako. Maziwa ni chakula kizuri, yanajenga mifupa, mtoto akiyapata anakua vizuri. Lakini hayaoshi kifua cha mtu. Anahitaji barakoa yenye vichujio, na chumba kinachopitisha hewa. Akiendelea hivi, mapafu yataharibika, na hayo hayana spea."

Bi Msasa aliona aibu, na aibu kwake haikukaa muda mrefu bila kugeuka hasira. Alimgeukia mdogo wake hapo hapo. "Umesikia? Unayafyonza kila siku kama ndama, na hayana kazi!"

Kijana akainamisha kichwa. "Dada, hata sijayanywa."

"Hujayanywa?"

"Nampelekea mtoto. Nyumbani hakuna maziwa mengine. Nilikuwa naona nitakohoa tu kidogo, lakini yeye atapata afya."

Kumbe huyu mjinga wa watu aliamini kwamba ile pakiti ndiyo kinga yake, na bado akaitoa. Alikuwa akimnyonyesha mwanawe kwa mapafu yake mwenyewe, na hata angeyanywa yote yasingemkinga. Bi Msasa alitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Alilipa dawa wakaondoka.

Kesho yake asubuhi Tajiri alikuwa ofisini, akinywa chai na mkate uliopakwa siagi nene. Alimsikiliza Bi Msasa mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Huyo daktari amewahi kupuliza vanishi?"

"Hajawahi. Amewahi kufungua watu vifua."

"Bi Msasa, wewe ndiye uliyenisumbua kuhusu maziwa. Nikawapa. Leo unataka barakoa. Kesho mtataka feni, kesho kutwa godoro."

"Tajiri, ulijua kwamba hayasaidii?"

Akatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Bi Msasa kuliko tusi. "Mimi nawapa mnachokiamini. Mbona mlikuwa mnafurahi?"

Kwa hiyo alijua. Miaka yote alikuwa akiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena wakimshukuru. Pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa, na mtu aliyeshiba haulizi maswali. Damu ilimchemka Bi Msasa hadi masikio yakavuma.

Tajiri hakuwa mjinga. Alitoka uani, akawaita wapulizaji wote. "Dada yenu anasema maziwa ni upuuzi, anataka barakoa. Sina uwezo wa vyote viwili. Chagueni wenyewe, nisije nikaitwa mbaya. Nani anataka barakoa?"

Mkono wa Bi Msasa ukapanda peke yake.

"Maziwa?"

Mikono ikaota. Mmoja akasema barakoa inawasha na hainyweki. Mwingine akasema babu yake alipuliza rangi maisha yake yote kwa maziwa. Babu huyo alikufa akihema, na kila mtu pale alijua, lakini hakuna aliyesema. Na katikati yao, macho yake chini, mdogo wake naye akainua mkono, mkono wa maziwa.

"Wewe!" Bi Msasa alipaza sauti. "Jana ulikuwa chini hapa unatapatapa!"

"Mtoto, dada," alijibu taratibu. "Utampa nini mtoto?"

Wenzake wakacheka, wakidhani ni utani wa ndugu. Tajiri akaenda stoo, akarudi na kreti, uso umemnawiri, akawagawia pakiti. Hapo ndipo Bi Msasa alipokata shauri. Akachukua pakiti moja, akaing'ata pembe kuifungua, akamkabidhi.

"Kunywa, Tajiri."

"Mimi ya nini?"

"Uoshe kifua. Halafu uingie na sisi, usimame tu pembeni mpaka kabati moja lipate vanishi yake. Kama maziwa yanatosha, nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa na sitataja barakoa tena maishani."

Watu wakapiga miluzi. Hata maseremala waliacha randa wakaja kutazama. Tajiri aliwaangalia, akaona hana mlango wa kutokea. Alikunywa yote, kwa mbwembwe, akafuta mdomo, akaingia.

Chumba cha kupulizia kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa turubai ili vumbi lisiguse vanishi mbichi. Mdogo mtu alishika bunduki, akaielekeza kwenye kabati, akabonyeza. Ukungu ulitanda. Kabla haujamfikia, Tajiri alikuwa tayari amechomoa leso mfukoni, amejiziba pua na mdomo kwa mikono miwili, anarudi kinyumenyume kutafuta mlango.

Bunduki ikanyamaza. Kijana alimtazama tajiri wake, akaitazama ile leso, akataka kusema na kikohozi kikamkamata. Alikohoa akiwa ameinama, ameshika kabati bichi, vidole vikiacha alama kwenye vanishi. Hakuna aliyecheka. Bi Msasa alisimama amekunja ngumi, machozi ya hasira yanamtoka, na hakuyafuta.

Alipopata pumzi, kijana aliweka bunduki chini.

"Tajiri, si umekunywa yote? Leso ya nini?"

Tajiri alisema jambo kuhusu mzio, kwamba yeye tangu utotoni hapatani na harufu. Hakuna aliyemsikiliza. Mpulizaji mmoja alichukua pakiti yake mfukoni akairudisha kwenye kreti, na mwingine akafuata.

Mdogo mtu hakurudisha yake. Aliitia mfukoni, akavua aproni. "Hii ni ya mwanangu, nimeshailipia kwa kifua changu. Kuanzia kesho nitamtafutia kwingine." Akatoka uani akiwa bado anakohoa.