Mama mkwe na riwaya ya visasi

Leo mama mkwe wangu ameunguza maharage kwa sababu ya kitabu.

Mnajua ninavyozipenda riwaya za kutisha za mwandishi mmoja aliyekwisha kufariki, zile za visasi na damu mwanzo hadi mwisho. Mama alipokuja hapa Tunduma kutoka Mbozi, nilizificha chini ya godoro. Yeye ni mzee wa kanisa, jamani.

Kumbe asubuhi ameamua kuanika godoro.

Mchana narudi kutoka dukani, nyumba nzima inanuka moshi. Namkuta mkekani, miwani puani, anasoma pale mjane anapomfuata kwa panga shemeji aliyemuua mumewe.

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono ninyamaze, akamaliza ukurasa.

Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, baba yenu alipofariki, shemeji zangu walichukua shamba lote la kahawa. Niliambiwa nisamehe, nikasamehe. Lakini hasira sikuwa na pa kuiweka."

Akakipapasa kitabu. "Huyu mtu amenipatia mahali."

Miaka yote niliyoolewa, hilo sikuwahi kulisikia.

Akauliza mwandishi anaishi wapi. Nikamwambia alishafariki.

Tulipokaa kula, akaombea chakula, halafu akamwombea na mwandishi apumzike kwa amani. Alimtaja kwa jina lake lote, kama mtu wa ukoo wetu.

Nikaitikia amina, nikampakulia yale maharage yaliyoungua.

Wewe je, kuna kitabu kimewahi kukubebea jambo zito namna hii?