Mdomo wa Papa na Mashine ya Daktari wa Meno

Kabla mashine haijaingia kwetu, chombo kikuu cha garaji kilikuwa mdomo wa Papa, baba yangu. Ninasema hivyo bila utani, mimi ambaye hutania hata kwenye matanga. Garaji yenyewe ni mabati machache yaliyoegemezwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa Kadutu, mahali ambapo ukiangusha spana itabidi ukaitafute ziwani.

Papa alikuwa akifungua kabureta, anachomoa jikleri, ule msumari mfupi wa shaba wenye tundu jembamba ambamo esanse, yaani petroli, hupita, anaubana kwa midomo na kupuliza. Pumzi ikitoka upande wa pili, ni safi. Shavu likijaa, kuna taka. Tangi likitakiwa kumwagwa, alitia ncha ya mpira mdomoni, akavuta, akatema, akaendelea na hadithi pale alipoiachia. Kwa ulimi tu alijua kama muuzaji wa kando ya barabara alichanganya esanse na mafuta ya taa, na ninaapa angeweza kukuambia pia muuzaji huyo alikula nini asubuhi. Nilipokuwa mdogo niliamini ile ndiyo harufu ya baba wote duniani. Nilipoanza shule nilishangaa kukuta baba za wenzangu wananukia sabuni.

Kikohozi kilikuja polepole. Kwanza kilikuwa cha asubuhi tu, kisha kikahamia mchana kutwa. Ilifika wakati Papa akawa anashika boneti ya gari la mteja kwa mikono miwili, ameinama, mpaka kipite, na mteja akadhani anasikiliza injini. Maman hakudanganyika. Alimvalisha shati la kanisani akampeleka hospitali huko Ibanda, nami nikawafuata. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alituonyesha picha ya mapafu.

"Papa, esanse ikiteleza tena ikaingia humu, hata kidogo, sitakuwa na kitu cha kukufanyia."

Tukarudi. Karibu na nyumbani Papa akasema: "Ule mutoto ni muzuri. Lakini hajafungua kabureta hata moja."

Tangu siku hiyo Maman akawa ofisa wa forodha. Kila jioni, kabla ya kuweka bugali mezani, alisimama mbele ya mume wake.

"Fungua kinywa."

Papa, mtu aliyeogopwa na mashofere wa malori ya Shabunda, alifungua kinywa kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Maman alinusa.

"Umekunywa tena!"

"Nilionja tu, Maman."

"Ulionja? Hii iko supu?"

Mashine ilitoka kwa daktari wa meno. Alikuwa anafunga kliniki yake kuhama mji, tulikuwa tumemtengenezea gari lisafiri, na badala ya malipo akatupa sanduku la chuma lenye ukubwa wa sufuria ya harusi ndogo. Kwa miaka liliogesha koleo na vile vindoano vya kutisha. Papa alilizunguka kama mbuzi anayechunguza uzio.

"Kwa hiyo kabureta nazo zitalia kwenye kiti?"

Mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na ndevu tayari, nikisinzia kati ya wauza samaki na askari, na diploma yangu imetundikwa juu kuliko picha ya Bikira. Basi nikasimama kama profesa: ndani ya beseni kuna sauti ambayo sikio halisikii, inatikisa maji kwa nguvu hata taka iliyojificha kwenye tundu dogo inaachia. Papa akaleta kopo la esanse. Taka ya esanse, alisema, inatoka kwa esanse. Nikamwonyesha alama iliyobandikwa ubavuni, moto uliokatwa kwa mstari mwekundu.

"Papa, tukitia hiyo italipuka, tutafika Kalehe bila gari."

Tulitia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Nikazungusha kitasa. Ikaimba kama mbu wote wa bonde la Ruzizi wakifanya mazoezi ya kwaya, na kutoka ndani ya kabureta ukatoka moshi wa kahawia, ndani ya maji, mawingu kwa mawingu. Maman alipiga makofi.

Kisha nilinyanyua jikleri kuelekea jua. Ukiona nukta ya mwanga, limefunguka. Nikampa Papa. Aligeuza, akakunja jicho, akageuza tena. Macho yake yalikuwa yamezeeka.

"Miye ninaona kwa mdomo," akasema.

"Basi mimi nitaona kwa ajili yako."

Kikohozi kilipungua. Maman alianza kuimba jikoni. Lakini Papa naye alipungua, sijui niseme vipi. Alikaa juu ya tairi akitafuna muwa ili mdomo upate kazi. Wateja walianza kunisalimu mimi kwanza. Wakati mwingine mashine ikiimba alikuja kuweka kiganja juu ya kifuniko, jinsi mtu anavyopima homa ya mtoto, halafu akarudi kwenye tairi lake.

Halafu transfoma ya mtaa ikaungua. Umeme ulikatika nikiwa nimetumbukiza kabureta ya mtu, na mashine ikawa beseni tu. Siku zilipita. Magari yalirundikana mpaka kwenye mlango wa choo.

Asubuhi moja ya mawingu shofere mmoja wa Kalehe aliletwa na watu wanaomsukumia pikapu. Mama yake mzazi alikuwa amefia hospitalini. Kaburi lilikwisha chimbwa kijijini, watu walikuwa wanangoja, na pikapu ilikuwa inazimika kila kilima. Yeye alitakiwa arudi mochwari, dada zake walikuwa wanamvalisha marehemu.

"Papa, nisaidie. Mama yangu hawezi kulala njiani."

"Enda, mutoto wangu. Utaikuta inanguruma."

Shofere alipoondoka nilimgeukia Papa. Nilimwambia asiguse kitu, ninashuka kanisani kuazima jenereta.

"Niapie, Papa."

"Naapa," akasema, akiinua muwa juu.

Jenereta ile ilikuwa nzito kuliko dhambi za parokia nzima. Nilipanda nayo kichwani, nikiteleza kwenye tope, na nikiwa katikati ya mteremko nikasikia injini. Ilikuwa laini, bila kigugumizi. Nilisimama pale pale. Sijawahi kuhuzunishwa hivyo na injini iliyotengenezwa vizuri.

Papa alikuwa kando ya pikapu, midomo inang'aa, mpira uko miguuni pake, beseni la plastiki limejaa esanse yenye matope. Alitabasamu kama bwana harusi.

"Jikleri zote zilikuwa zimeziba. Nimezifungua."

"Uliniapia, Papa."

"Mama ya mutu iko inangoja."

Kisha akakohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha zamani cha kushika boneti. Kilikuwa kidogo, cha majimaji, kama mtu anayeomba radhi.

"Kidogo kimeteleza," akasema, na akaingia ndani kukaa.

Shofere alirudi, nikampa ufunguo, akakimbia. Jioni Maman alisimama mbele ya Papa kama kawaida. Hakusema fungua kinywa, kilikuwa wazi chenyewe, kikitafuta hewa. Alinusa. Hakugomba. Alimfuta midomo kwa ncha ya kitenge chake, akaniambia nitafute gari.

Mimi huongeza chumvi kila mahali, lakini hapa sina cha kuongeza. Kwa siku chache Papa alizama, mbali na ziwa, juu ya kitanda kikavu, na yule daktari kijana alisimama pale na mikono mitupu kama alivyotuambia.

Umeme ulirudi wakati wa matanga, mchana, watu wamejaa uani. Balbu ziliwaka, wengine wakapiga makofi kwa mazoea, kisha wakakumbuka wako wapi. Kutoka garajini mashine ikaanza kuimba peke yake. Kitasa nilikuwa sijakirudisha.

Yule shofere alikuwa amekaa karibu nami. Alikuja na mkungu wa ndizi begani.

"Siku ile tulifika mbele ya mvua," alisema. "Mama alizikwa vizuri. Na gari mpaka leo haijasita." Akasikiliza upande wa garaji. "Njo ile iliitengeneza? Kweli, muko na mashine ya ajabu."

Maman, kwenye mkeka, aliinua macho akanitazama.

"Ndiyo, tonton," nikamjibu shofere. "Mashine nzuri sana."

Garaji ni yangu sasa. Umeme ukiwepo, ninaosha. Usipokuwepo, mteja anangoja au anakwenda kwa wengine, na wengine wanapuliza. Jikleri ninalielekeza kwenye jua. Na kila jioni, kabla ya bugali, Maman anakuja kusimama mbele yangu, ananifikia kifuani tu siku hizi.

"Fungua kinywa."

Ninafungua. Ananusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, ndipo anaweka sahani.